Rangi za Biashara Yako, Mama

Mama mpendwa wa Izimbya, unapofungua kibanda cha kahawa, usipake rangi yoyote iliyobaki kwenye kopo. Mteja asiyejua kusoma atakutambua kwa rangi. Tazama shambani: kahawa mbivu ni nyekundu, jani la mgomba ni kijani. Rangi hizo mbili zinatosha. Ila usiandike nyekundu juu ya kijani, kwa mbali haisomeki. Maandishi yawe meupe. Nyekundu hupauka juani, basi ijaribu kwanza kwenye kipande cha ubao. Mwaka 2011 Vodacom Tanzania iliacha bluu ikachukua nyekundu. Kampuni kubwa ina fedha za kupaka upya. Wewe fedha hizo ni daftari za watoto. Chagua mara moja, udumu nayo.