Nyumba ya vakansi pembeni ya bahari: kile Mkongomani anaweza kupata Tanzania na Kenya, na kile hawezi

Kongo ina bahari yake: karibu kilometa 40 za pwani kule Muanda, katika jimbo la Kongo-Central. Lakini kwa mkaaji wa Bukavu, Goma, Uvira, Kalemie ao Lubumbashi, bahari ya karibu siyo hiyo. Ni Bahari ya Hindi, ile ya Dar es Salaam, mahali wachuuzi wa mashariki mwa inchi wanapokea makontena yao tangu miaka mingi. Mtu anaenda kufuata mali, anabaki siku chache kwa kungojea makaratasi ya duane, anaona mchanga mweupe na minazi. Hapo ndipo komisionere anatokea, yule ambaye Watanzania wanamuita dalali: kuna kiwanja pembeni ya maji, bei ni nzuri, mwenyewe ana haraka.

Tangu Kongo ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, kuna hoja mpya inayotumiwa kwa kushawishi mnunuzi: kwamba sasa raia wa inchi zote za Jumuiya wana haki sawa ya kununua udongo. Hoja hiyo si ya kweli, na anayeiamini anaweza kupoteza feza za miaka kumi ya kazi ndani ya asubuhi moja.

Jumuiya haigawi udongo

Mkataba wa Soko la Pamoja la Jumuiya, ulioanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, unazungumzia mwendo huru wa watu, wa kazi, wa mali, wa huduma na wa mitaji. Kuhusu udongo na majengo, kifungu cha 15 kinasema jambo fupi: kila inchi inabaki na siasa yake na sheria zake. Maana yake, pasiporti ya Kongo inaweza kumsaidia mtu kupita mpaka na kufanya biashara, lakini haimpi hata meta moja ya mchanga.

Mkongomani hapaswi kushangaa. Kwetu pia, sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema kwamba udongo wote ni mali ya Leta. Raia wa Kongo anaweza kupata haki ya kudumu juu ya parsele. Mgeni yeye anapata haki ya miaka 25 tu, inayoweza kurudiliwa. Majirani wetu wana kanuni ya namna hiyo, na kule mgeni ni sisi.

Tanzania bara: mgeni anapata udongo kwa uwekezaji tu

Sheria ya Ardhi ya Tanzania, namba 4 ya mwaka 1999, inasema kwamba ardhi yote ni ya umma na rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Mtanzania anapewa hati ya kukaa na kutumia, ambayo haipiti miaka 99. Kifungu cha 20 cha sheria hiyo kinaeleza kwamba asiye raia hagawiwi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na hapo anapitia mamlaka ya serikali yenye kusimamia uwekezaji. Hoteli inaweza kuingia humo. Nyumba ya familia ya kupumzikia mwezi wa Desemba haiingii.

Wengine wanafikiri kuzunguka sheria kwa kufungua kampuni. Sheria iliona hilo mapema: kampuni ambayo wengi wa wenye hisa si Watanzania inahesabiwa kuwa mgeni pia.

Viwanja vingi vinavyouzwa pwani viko ndani ya ardhi ya vijiji, inayoongozwa na sheria nyingine ya mwaka huo huo, namba 5. Ardhi ya kijiji haiwezi kupita moja kwa moja mkononi mwa mgeni. Ni lazima kwanza ihamishwe na kuwa ardhi ya kawaida, na uwezo huo uko kwa rais. Kwa hiyo barua yenye sahihi ya mwenyekiti wa kijiji na mhuri wake inaweza kuwa barua ya kweli kabisa, na bado isimpe mnunuzi wa kigeni haki yoyote.

Kuna tena swali la umbali. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa bahari ao wa ziwa. Mtu anayeonyeshwa kiwanja chenye urefu wa meta 50 kuanzia mchanga, ameonyeshwa mahali ambapo hawezi kusimamisha ukuta hata angekuwa Mtanzania.

Zanzibar: mlango mdogo, lakini uko wazi

Zanzibar ina serikali yake na sheria zake za ardhi. Kisha mapinduzi ya 1964, udongo wote uliwekwa mikononi mwa serikali, na hadi leo haki ya matumizi ya ardhi ni ya Wazanzibari. Mtanzania wa bara mwenyewe hawezi kwenda kule na kuchukua kiwanja kama yuko nyumbani kwake.

Lakini mgeni ana njia moja. Sheria ya mwaka 2010 juu ya majengo ya makao mengi inamruhusu kupata fleti, ao nyumba iliyo ndani ya mradi uliokubaliwa na serikali, kwa mkataba wa muda mrefu unaoweza kufika miaka 99. Miradi ya namna hiyo iko Fumba, kusini mwa mji, na katika sehemu nyingine za kisiwa. Anachopata mnunuzi ni makao ndani ya jengo, siyo udongo ulio chini yake. Mbele ya kulipa, anapaswa kuuliza Mamlaka ya Kukuza Uwekezaji Zanzibar, ZIPA, kama mradi umeandikishwa, na kusoma kiasi cha feza kitakachoombwa kila mwezi kwa ulinzi, maji na usafi. Anayenunua nyumba ambayo bado inaonekana kwenye picha tu, ananunua ahadi: mkataba useme tarehe ya kumaliza na namna feza zitakavyorudishwa kama kazi itasimama.

Kenya: miaka 99, na ruhusa kwa mistari ya mbele

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 65, inamruhusu mgeni kushika ardhi kwa kukodi tu, kwa muda usiopita miaka 99. Mkataba wowote unaoandika muda mrefu zaidi unasomwa kama wa miaka 99. Kwa upande wa pwani, mabadiliko ya sheria yaliyofanywa mwaka 2016 yaliongeza kizuizi: viwanja vya mstari wa kwanza na wa pili kutoka bahari vinahitaji ruhusa ya waziri mbele ya kupita kwa mgeni. Ndivyo viwanja hivyo hivyo ambavyo watu wa Diani, Kilifi na Malindi wanaonyesha wageni.

Jina la mwengine, feza zako

Mtego unaorudi mara nyingi ni wa jina. Mnunuzi anaambiwa: andika kiwanja kwa jina la rafiki Mtanzania, ao la shemeji, kisha mfanye mapatano pembeni. Kadiri ya makaratasi, mwenye mali ni yule aliyeandikwa. Akifa, watoto wake wanarithi. Akiingia deni, benki inakamata. Na mgeni akienda mbele ya mahakama, anapaswa kueleza kwanza kwa nini alijaribu kupata kitu ambacho sheria inamkataza. Familia nyingi zinagawanyika juu ya parsele moja ya Bukavu, ambako kila mtu anajua nani ni nani. Umbali wa kilometa 1,500 hauwezi kufanya mambo kuwa rahisi.

Hata kwa mwenye haki ya kununua, kama vile Mkongomani aliyekwisha kuwa raia wa Tanzania, kuna kazi ya kufanya mbele ya kutoa feza. Ya kwanza ni upekuzi rasmi kwa msajili wa hati, unaoonyesha jina la mwenye kiwanja na kama kimewekwa rehani benki. Ya pili ni kuwa na avoka wake mwenyewe, asiye yule aliyeletwa na dalali. Ya tatu ni kulipa kupitia benki, siyo ndani ya mfuko wa plastiki. Tangu mwaka 2025, Tanzania imekataza kuweka bei ya mali na huduma za ndani kwa feza za kigeni. Kwa Mkongomani aliyezoea kuhesabu kila kitu kwa dola, muuzaji anayekazania dola taslimu anaonekana wa kawaida. Kule ni alama ya kuwa macho.

Mbele ya kununua, tembea pwani

Wapo wanaofanya kinyume: wananunua kwanza, kisha wanajifunza pwani. Safari ya motokari ingewafundisha mengi kwa feza kidogo.

Kutoka Kivu, njia ya kawaida inapita Kigali na mpaka wa Rusumo. Kutoka Kigali hadi Dar es Salaam ni karibu kilometa 1,500. Uvira inatazama upande wa Bujumbura na mpaka wa Kobero. Mambo ya usalama na ya mipaka yanabadilika: Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda Januari 2024, na msafiri anapaswa kuulizia kila mpaka mbele ya kuondoka. Lubumbashi inapita Zambia, kupitia Kasumbalesa, Nakonde na Tunduma, karibu kilometa 2,000. Mkaaji wa Kalemie anaweza kuvuka Tanganyika hadi Kigoma, kushika reli ya zamani, na kufikia Dodoma apande treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria hadi Dar es Salaam mwaka 2024.

Mwenye motokari anahitaji makaratasi ya duane ya kuingiza gari kwa muda, permi, na bima ya kadi ya njano ya COMESA, ambayo Tanzania na Kenya zinaikubali. Kila abiria awe na karte ya chanjo ya homa ya manjano. Na shofere akumbuke: Tanzania, Kenya na Zambia wanaendesha upande wa kushoto. Ndani ya vijiji vya Tanzania mwendo ni kilometa 50 kwa saa, na polisi wenye vipima mwendo wanangoja pale pale kibao kinapoanza. Faini inadaiwa na risiti.

Kutoka Dar es Salaam, kituo cha kwanza ni Bagamoyo, kilometa 70 hivi upande wa kaskazini. Mkongomani hafiki pale kama mgeni kabisa. Katika karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilikuwa ikitoka Maniema, inapita Kasongo, inavuka Tanganyika hadi Ujiji, kisha Tabora, na kuishia Bagamoyo. Watu wengi waliletwa kwa minyororo kwenye njia hiyo. Kwa njia hiyo hiyo Kiswahili kilipanda hadi kwetu.

Mbele zaidi kuna hifadhi ya Saadani, ambako wanyama wa pori wako karibu na mawimbi, kisha Pangani na Tanga. Kilometa 65 kutoka Tanga ni mpaka wa Horohoro. Ngambo yake ni Lunga Lunga, halafu Diani, kivuko cha Likoni na mji wa Mombasa. Anayependa anaendelea Kilifi, magofu ya Gedi na Malindi. Kwa upande wa kusini, barabara ya Kilwa inavuka mto Rufiji kwenye Daraja la Mkapa. Miezi ya Machi hadi Mei ni ya masika, na mvua imekwisha kukata barabara hiyo zaidi ya mara moja.

Njiani mtu wa ziwa anajifunza jambo ambalo hakuna dalali anayemwambia. Ziwa Kivu halipandi wala kushuka ndani ya siku. Bahari inajaa na kupwa mara mbili kila siku. Kule Paje na Jambiani, mashariki mwa Unguja, maji yanaweza kurudi nyuma mamia ya meta, na mbele ya nyumba panabaki mwani, mawe na mashimo ya maji. Aliyeonyeshwa kiwanja saa ya maji kujaa arudi saa ya maji kupwa, na arudi tena mwezi wa Aprili.

Kukodi pia ni kuwa na nyumba

Inabaki hesabu rahisi. Familia inayoweza kwenda pwani wiki tatu kwa mwaka itaacha nyumba yake imefungwa wiki 49. Wakati huo chumvi inakula mabati na vyuma vya madirisha, mlinzi anangoja mshahara, na mwenye nyumba yuko ngambo ya ziwa, pengine barabara imefungwa. Familia iyo hiyo ikikodi nyumba wiki tatu, mwaka huu Bagamoyo, mwaka ujao Tanga, kutu ni shida ya mwengine.

Kwa yule ambaye moyo wake umekwisha kuamua, sheria inamwachia fleti ya Zanzibar iliyo ndani ya mradi ulioandikishwa, ao mkataba wa kukodi Kenya, wenye ruhusa kama kiwanja kiko mbele. Anayemwahidi zaidi ya hapo amuonyeshe kifungu cha sheria, mbele ya avoka, na feza zikiwa bado benki.