Put off na maana zake

Put off ni kitenzi cha Kiingereza chenye maneno mawili yanayofanya kazi ya neno moja. Put peke yake ni kuweka. Off hudokeza kujitenga na kitu. Mwenye kujumlisha maana hizo mbili hafiki mbali, kwani kinachoamua hapa ni yambwa, yaani kile kinachotendwa.

Yambwa ikiwa ni jambo lililopangwa, maana ni kuahirisha. They put off the wedding: walisogeza harusi mbele. Kikifuatwa na kitenzi kingine, hicho cha pili huchukua -ing: She put off going to the dentist, aliahirisha kwenda kwa daktari wa meno. Put off to go ni kosa, na Mswahili huliangukia kwa urahisi kwa sababu ya ile ku- ya “kwenda”.

Yambwa ikiwa ni mtu, ndipo penye kazi. The smell put him off: harufu ilimkata hamu. The noise put the goalkeeper off: kelele zilimvuruga golikipa. He put his creditor off: alimpiga danadana mdai wake. Sentensi zote tatu zina umbo moja, kwa hiyo msomaji hana budi kumtazama mtenda: harufu hukinaisha, kelele huvuruga, mdaiwa hukwepa. Katika maana ya kukinaisha, kilichochukiwa huweza kutajwa papo hapo baada ya off: It put me off fish, ilinifanya nisitamani tena samaki. Sifa ya off-putting, yenye kukirihi, imetokana na maana hiyo.

Put off the meeting na put the meeting off zote ni sahihi. Kiwakilishi, hata hivyo, hukaa katikati tu: put it off.

Afrika Mashariki watu wengi husema put off the lights kwa kuzima taa. Si jambo la kuchekwa. Hata Waingereza wamebadili matumizi ya kitenzi hiki. Katika Biblia yao ya mwaka 1611, Kutoka 3:5, Musa anaamriwa kwa put off avue viatu, ambapo leo wangesema take off. Hata hivyo, kwa taa, Kiingereza sanifu cha Uingereza hutumia switch off au turn off, na mtahiniwa afadhali aandike hivyo.