Wasia, Mrithi na Msimamizi: Maneno Matatu ya Mirathi

Maneno mengi ya mirathi katika Kiswahili asili yake ni Kiarabu, nayo yalikuja pamoja na sheria ya Kiislamu. Leo hutumika pia katika mila za makabila na katika mahakama za serikali, na kila mahali maana yake hugeuka kidogo. Makala haya yakusudia kueleza matatu kati ya maneno ya mlango huu, kwa kuwa yakichanganywa, wapatao hasara ni wajane na yatima.

Wasia, ambalo wengine hulitamka wosia au usia, lina maana mbili. Kwanza, ni mawaidha ya mkubwa kwa mdogo. Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ni wasia wa mama kwa bintiye, wala si hati ya kugawa mali. Pili, ni agizo la mtu juu ya mali yake, litimizwe baada ya kufa kwake. Mzee akiwaambia wanawe, "Mama yenu asiondolewe katika nyumba hii," wao huyaita maneno hayo wasia, na kwa maana ya kwanza wamesema kweli. Lakini hakimu huyapima kwa maana ya pili. Katika Tanzania Bara, tamko la sheria za mila la mwaka 1963 lataka wasia wa mdomo ushuhudiwe na watu wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Katika Kenya, Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, kwa kawaida hukubali wasia wa mdomo uliotamkwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, iwapo msemaji amefariki katika muda wa miezi mitatu. Kwa Waislamu wa Sunni upo mpaka mwingine: wasia hauzidi thuluthi ya mali iliyobaki baada ya gharama za maziko na madeni, wala mrithi hausiwi kitu, ila kwa ridhaa ya warithi wenzake.

Mrithi hutokana na kitenzi kurithi, nacho huchukua yambwa za namna tatu: kurithi shamba, kumrithi baba na, katika mila za baadhi ya makabila, kurithi mjane. Sarufi huziweka zote chini ya kitenzi kimoja. Sheria haifanyi hivyo. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 yasema kwamba mjane yu huru kukaa apendapo, kutoolewa tena, au kuolewa na mume amtakaye. Mjane, basi, si sehemu ya mirathi.

Msimamizi hutokana na kusimamia, kauli ya kutendea ya kusimama, kama mwangalizi atokavyo katika kuangalia. Umbo lenyewe laonyesha kazi: ni mtu asimamaye kwa ajili ya kitu kisicho chake. Hukusanya mali, hulipa madeni, hugawa, kisha hutoa hesabu. Akiteuliwa na mahakama ya mwanzo ya Tanzania, apaswa kuitoa katika miezi minne. Huyu si wasii, ambaye hutajwa na mwenye wasia mwenyewe. Wala si lazima awe mrithi. Hata hivyo, ndugu wa marehemu akiisha kuteuliwa, ukoo humwita mrithi. Na aitwaye hivyo si ajabu akauza kiwanja na kuzuia fedha, akidhani jina limempa milki.

Yafaa, kwa hiyo, watunga kamusi wayatenge maneno haya waziwazi: usia liwe la mawaidha, wasia liwe la mali, na chini ya msimamizi iandikwe kwamba hana milki, bali ana dhamana. Maelezo ya mistari michache katika kamusi hayatamrudishia mjane nyumba yake. Lakini karani, mwalimu au mzee wa baraza atakayeyasoma atajua la kuuliza siku ukoo unapokaa kugawa.