Herufi za Mchanga kwa Mtoto Asiyeanza Shule

Mwaka jana tulikuwa katika kijiji kimoja cha mwambao wa Ziwa Nyasa, si mbali na Mbamba Bay. Kisomo kilipokwisha, bibi mmoja alibaki nyuma. Akatuambia, "Mwalimu, nina mjukuu wa miaka minne. Akiniona nasoma anakuja kuninyang'anya kitabu. Lakini mimi mwenyewe herufi nimezijua juzi juzi tu. Naogopa nitamfundisha makosa."

Ndugu wasomaji, hofu hiyo mnayo wengi. Hata kule juu Mbinga, kwa wakulima wa kahawa, tumeulizwa hivyo hivyo. Basi tukamjibu bibi yule kwamba mtoto wa umri huo hahitaji kitabu bado, maana atakichana. Anahitaji herufi ambayo anaweza kuishika.

Jambo hili si geni. Mwaka 1907 daktari mmoja mwanamke wa Italia, Maria Montessori, alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa maskini mjini Roma. Alitaka herufi za mbao lakini hakupata mtu wa kumtengenezea. Akakata herufi za msasa, ile karatasi ya mafundi seremala, akazibandika juu ya karatasi ngumu. Watoto walipitisha vidole juu yake kama wanaoandika. Wengine wa miaka 4 na 5 wakaanza kuandika hata kabla ya kujua kusoma. Sababu yake si ngumu: jicho liliona, sikio likasikia, na mkono nao ukajifunza njia. (Herufi hizi zisichanganywe na maandishi ya wasioona. Hayo ni ya nukta nundu.)

Msasa unauzwa dukani, lakini sisi tunao mchanga bure. Chukua boksi gumu, kwa mfano la sabuni, ukate vipande vya ukubwa wa kiganja. Juu ya kila kipande andika kwa penseli herufi moja ndogo, yenye urefu kama kidole cha kati. Anza na herufi ndogo kwa sababu ndizo zinazojaa vitabuni. Chini ya herufi piga mstari. Mstari huu usiusahau! Bila huo mtoto atageuza kipande, na n itakuwa u, na d itakuwa p.

Gundi ni uji wa muhogo. Koroga vijiko vikubwa vitatu vya unga katika kikombe kimoja cha maji baridi, kisha weka motoni huku unakoroga mpaka uvutike. Ukipoa, paka juu ya herufi kwa kijiti kilichotafunwa ncha, upana wa kidole cha mtoto. Mwaga mchanga juu, ugandamize kidogo, kisha kung'uta unaozidi. Anika kivulini siku nzima, kwani jua kali hukunja boksi.

Mchanga wenyewe uoshwe, uanikwe na kuchekechwa. Ukiwa mnene unakwaruza kidole, ukiwa laini kama vumbi hausikiki. Na uwe mkavu kabisa. Sisi mara ya kwanza tulitumia mchanga wenye unyevu, na asubuhi tukakuta madoa tu juu ya boksi. Walio mbali na ziwa watumie mchanga wa mtoni. Kipande kikikauka, funga macho ukiguse. Kama wewe mwenyewe huijui herufi yako, rudia.

Kiswahili kina herufi 24, kwa sababu q na x hatuzitumii, na c haisimami peke yake. Kwa hiyo andika ch katika kipande kimoja. Sh, th, ng' na nyinginezo mwachie mwalimu wa shule.

Haya, sasa kufundisha. Kaa upande mmoja na mtoto, wala usikae mbele yake, maana ataiona herufi kichwa chini. Chukua mbili tu zisizofanana, tuseme a na i. Pitisha vidole viwili, cha shahada na cha kati, ukifuata njia ile ile ya kalamu, huku unasema "a". Mwache naye afanye. Kisha mwambie, "Nipe a. Nipe i." Siku nyingine, akishazoea, mwonyeshe kipande na kumwuliza, "Hii ni nini?" Akikosea usimkaripie. Rudi mwanzo tu. Dakika 10 zinatosha, na akitaka kukimbilia ziwani mwache aende.

Taja sauti, si jina. M ni "mmm". Mtoto aliyefundishwa "emu" atashangaa "emu" na "a" zinakuwaje "ma". Akishajua a, i, u na m, tayari anaweza kupanga mama, mimi na uma. Ndiyo maana a, i na m zitengenezwe mbili mbili. Baada ya kugusa, aandike kwa kidole katika mchanga mkavu uliotandazwa kwenye ungo. B na d usizifundishe wiki moja, zinafanana mno. Na wale ambao tunachanganya l na r katika kusema, hizo tuziache mwisho, tumwulize mwalimu wa kijiji kwanza. Wala hapana aibu.

Kama nyumbani mnasema Kimatengo au Kinyasa, endeleeni. Mtoto ajue a kwa neno analolijua.

Wengine watasema kazi hii ni ya serikali. Ni kweli, Sera ya Elimu ya mwaka 2014 iliweka mwaka mmoja wa elimu ya awali kabla ya darasa la kwanza, na tangu Januari 2016 ada ilifutwa kuanzia awali hadi kidato cha nne. Lakini darasani watoto ni wengi, na mwalimu hawezi kushika vidole vya kila mmoja. Bibi mwenye mjukuu mmoja anaweza.

Vipande vihifadhiwe katika debe lenye mfuniko, maana gundi ya muhogo ni chakula. Tulipopita tena kwa yule bibi wa mwambao, mjukuu alitupangia "mama" chini ya mwembe, akakwama katika "mimi". Tukamwuliza bibi i ya pili iko wapi.

"Panya, mwalimu," akasema. "Lakini uji uko jikoni."