Gitaa la Umeme la Kuunga Mwenyewe: Vipimo Kwanza, Rangi Baadaye

Leo Fender, ambaye jina lake limeandikwa kwenye vichwa vya magitaa ya umeme dunia nzima, hakujua kupiga gitaa. Alikuwa fundi redio. Mwaka 1938 alifungua karakana ya redio mjini Fullerton, California, na alipoingia kwenye magitaa miaka ya 1940 aliyatazama kwa jicho lilelile la fundi: chombo chochote kitaharibika siku moja, basi na kiwe rahisi kufungua. Gitaa lake la ubao mzima lililoingia sokoni mwaka 1950, na ambalo tangu 1951 linaitwa Telecaster, lilifungwa shingo kwa skrubu nne bila gundi. Shingo ikipinda, bisibisi inatosha.

Ndiyo maana gitaa la aina hii linauzwa hadi leo likiwa vipande kwenye boksi, na mtu asiye seremala akaliunga mezani kwake. Mwili umeshachongwa na mashine, shingo ina freti zake, kuna daraja, funguo, pikapu mbili na mfuko wa skrubu. Wengi wakishafungua boksi hukimbilia rangi. Nawaelewa, kwa sababu rangi ndiyo inayopigwa picha. Lakini gitaa hupona au huharibika kabla kopo la rangi halijafunguliwa. Liunge lote kwanza likiwa kavu, litie nyuzi mbili za pembeni, hakikisha kila kitu kimekaa mahali pake, kisha lifungue tena ndipo ushike msasa.

Sababu yake ni ya hesabu. Kwenye Telecaster, uzi hutetemeka katika urefu wa milimita 648, kutoka kizingiti (kile kipande cha plastiki au mfupa chenye mifereji sita mwisho wa shingo) hadi darajani. Ukigawa 648 kwa 17.817 unapata milimita 36.4 hivi, na hapo ndipo inapokaa freti ya kwanza. Urefu uliobaki ukiugawa tena kwa namba ileile unapata nafasi ya pili, na kuendelea. Freti ya 12 huangukia katikati kabisa, milimita 324, ambako uzi hutoa noti ileile oktavu moja juu. Freti zilishapigwa kiwandani na huwezi kuzihamisha. Kilichobaki mikononi mwako ni daraja, na ukilikosea kwa sentimita moja, freti zote zinakuwa za gitaa lingine. Mpiga solo wa rumba anayepanda juu ya freti ya 12 wakati wa sebene atalisikia kosa hilo kabla ya mtu mwingine yeyote jukwaani.

Basi usiamini matundu yaliyotobolewa tayari, wala karatasi ya maelekezo iliyomo ndani ya boksi. Pima kutoka ukingo wa kizingiti unaotazama freti hadi katikati ya freti ya 12, kisha zidisha kwa mbili. Hapo kuna jambo moja la kuongeza. Uzi ukibonyezwa hukazika kidogo na sauti yake hupanda, kwa hiyo hupewa urefu wa ziada: milimita moja au mbili kwa uzi mwembamba wa mi, tatu hadi tano kwa ule mnene. Vile vipande vya chuma vinavyobeba nyuzi darajani husogea mbele na nyuma kwa kazi hiyo. Kipeleke kile cha uzi mwembamba karibu na mwisho wake wa mbele, kiweke kwenye kipimo ulichokipata, na hapo utie alama ya skrubu za daraja. Vingine vyote vitakuwa na nafasi ya kurudi nyuma.

Halafu unyoofu. Chukua nyuzi mbili za kushonea, zivute kutoka mifereji ya nje ya kizingiti hadi darajani, zibane kwa selotepu, kisha tazama kutoka juu. Kwenye freti ya mwisho, nafasi kati ya uzi na ukingo wa shingo iwe sawa pande zote mbili. Isipokuwa sawa, usianze kutoboa daraja upya. Legeza skrubu nne za shingo nusu mzunguko, isukume shingo kwa kiganja upande unaotakiwa, kaza ukiwa umeishikilia. Mara nyingi kikao cha shingo kina nafasi ndogo ya kuchezea, na robo milimita pale hukuzwa njiani hadi ikaonekana wazi kwenye nyuzi. Gitaa ambalo uzi wake wa kwanza unadondoka nje ya shingo kila ukiuvuta halitaokolewa na rangi yoyote.

Kuhusu aina ya mbao, watu hubishana hadi usiku. Mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba kwenye gitaa la umeme mbao za mwili huamua uzito wa begani na sura, na sauti kidogo sana. Pikapu ni sumaku zilizozungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya wa shaba wenye unene wa milimita 0.06 hivi, zinachosikia ni chuma cha uzi kikitikisika juu yake. Wanaoniuliza kama wanaweza kuchonga mwili wa mpingo huwa nawajibu kwamba mpingo huzama majini. Ufanye ubao wa freti, si mwili.

Sasa msasa. Miili mingi ya boksi huja ikiwa imeshapakwa kizibio chepesi kiwandani, na hakionekani kwa macho. Dondosha tone la maji: likisimama juu, kizibio kipo, likinywewa na mbao ikawa nyeusi, mbao iko wazi. Kisha pangusa mwili mzima kwa spiriti, kwa kuwa madoa ya gundi yaliyojificha kwenye maungio hujitokeza mbao ikilowa. Ukipaka rangi ya kupenya bila kufanya hivyo, kila doa la gundi litabaki jeupe milele. Pakiwa na kishimo kilichobonyea, weka kitambaa chenye maji na pasi ya moto juu yake. Mvuke huzivimbisha nyuzinyuzi za mbao zikarudi juu. Nenda na msasa namba 150, kisha 220, kisha 320, ukifuata mwelekeo wa mbao. Mkwaruzo uliokatiza huwa hauonekani mpaka rangi iingie, na hapo umeshachelewa.

Mbao laini ya bei nafuu inayotumika kwenye boksi nyingi hunywa rangi ya kupenya kwa mabaka. Hiyo ipake rangi nzito inayofunika, usihangaike. Mahogani au mbao nyingine yenye vitundu vikubwa inastahili ionekane, ila izibwe vitundu kwanza, la sivyo uso wake utakuwa na vishimo hata upake vanishi mara ngapi. Kikao cha shingo kifunike kwa tepu; unene wa rangi mle ndani huharibu vipimo vyote ulivyohangaikia.

Kwa vanishi, tuna bahati. Laka ya selulosi, ile ambayo mafundi samani wa Keko au wa Ngong Road huiita NC, ni ya ukoo mmoja na ile iliyopakwa kwenye magitaa ya Marekani miaka ya 1950, wakati ambapo Fender alichukua rangi zake kwenye orodha za rangi za magari. Inakauka kwa tina kuruka tu, kwa hiyo koti jipya huyeyusha lile la chini kidogo na yote yanakuwa ngozi moja. Rangi ya gari ya kuchanganya na kigumisho haifanyi hivyo: kila koti hukaa peke yake, na ukisugua ukavuka moja utaona duara pale daima. Tena mvuke wa kigumisho hicho ni hatari kwa mapafu, na barakoa ya kitambaa haiuzuii. Mpe fundi wa magari mwenye vifaa.

Laka ina adui mmoja pwani, nao ni unyevu wa hewa. Tina inaporuka haraka hupoza uso wa mbao, mvuke wa hewani unageuka maji pale, na laka inakuwa na ukungu mweupe. Mombasa au Dar es Salaam usipulize asubuhi na mapema wala baada ya mvua. Subiri saa nane, jua likiwa limekausha hewa, au tumia tina inayoruka polepole. Ukungu ukishaingia, koti jepesi la tina hiyo ya polepole mara nyingi huuondoa. Puliza makoti mengi membamba, mbali na moto wowote, hata jiko la mkaa la jirani.

Kisha subiri wiki tatu au nne. Weka pua karibu: ikinuka tina, bado. Ndipo usugue kwa msasa wa maji namba 1000, 1500 na 2000, ukiwa umetia tone la sabuni, na umalizie kwa kampaundi ya magari. Kingo ziguse mwishoni na kidogo sana, maana laka huisha pale kwanza.

Nyaya ni jioni moja. Pikapu mbili, swichi, volyumu, toni yenye kapasita, tundu la waya. Mchoro uliomo kwenye boksi kwa kawaida unatosha. Usisahau waya mmoja tu, ule wa kwenda chini ya daraja. Bila huo gitaa litavuma kwa hezi 50 za umeme wetu na kuzigusa nyuzi hakutasaidia. Mvumo kidogo utabaki hata ukifunga vizuri, kwani pikapu ya koili moja ndivyo ilivyo. Kuumaliza kulihitaji koili mbili zilizopingana, alizobuni Seth Lover akiwa Gibson mwaka 1955.

Gitaa likishalia, tazama kizingiti kabla ya kulaumu kitu kingine. Vya boksi huja na mifereji isiyokatwa chini vya kutosha, na ndiyo sababu kodi za freti za mwanzo husikika kali hata kama daraja liko sawa. Bonyeza uzi kati ya freti ya pili na ya tatu, tazama juu ya freti ya kwanza: uwazi uwe wa unene wa karatasi. Ukizidi, kata mfereji polepole kwa tupa nyembamba. Na kama una pesa ya kumlipa fundi kwa kazi moja tu, mlipe asawazishe freti.