Sonona Inapofika Ulimini

Mgonjwa anayemweleza daktari kwamba chakula hakina ladha aghalabu hupimwa malaria, homa ya matumbo na minyoo. Majibu yakionesha hana ugonjwa, huandikiwa vitamini na kurudi nyumbani. Ni nadra kuulizwa kama analala vizuri, kama bado anafurahia kukaa na wanawe, au kama kuna jambo linaloulemea moyo wake. Ilhali Kiswahili chenyewe kimelibeba jambo hili katika neno moja: kuna hamu ya kula na kuna hamu ya kuishi, na anayesema amekosa hamu huenda amezikosa zote mbili.

Ladha huanza pale chakula kinapoyeyuka katika mate na kuvifikia vinundu vya ladha vilivyomo ulimini na kooni, ambavyo seli zake hujifanya upya kila baada ya siku 10 hivi. Mtu anapokuwa na hofu, mwili hujiandaa kupambana au kukimbia. Mate hupungua na kuwa mazito. Ndiyo maana wali unaoliwa asubuhi ya mtihani huwa kama pumba kinywani. Lakini athari haziishii kwenye mate. Mwaka 2014, watafiti wa Kituo cha Monell, mjini Philadelphia, Marekani, walionesha kwamba katika ulimi wa panya, seli zinazotambua utamu, uchungu na ladha ya mchuzi wa nyama zina vipokezi vya homoni za msongo. Homoni hizo, kwa hiyo, zina mahali pa kufanyia kazi hata ulimini.

Miaka minane kabla ya hapo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, waliwapa watu wazima 20 wenye afya njema dawa zinazotumika kutibu sonona. Dawa inayoongeza serotonini iliwawezesha kuutambua utamu wa sukari katika kiwango kilicho chini kwa asilimia 27, na uchungu wa kwinini kwa asilimia 53. Dawa inayoongeza noradrenalini ilinoa zaidi hisi ya uchungu na uchachu. Aidha, washiriki waliokuwa na wasiwasi zaidi ndio waliokuwa wazito kutambua uchungu na chumvi. Washiriki walikuwa wachache na hawakuwa wagonjwa, hivyo matokeo hayo hayatoshi kuwa kipimo cha sonona. Yanachoonesha ni kwamba kemikali zilezile zinazohusishwa na hali ya moyo hushiriki pia katika kazi ya ulimi.

Wapo wagonjwa ambao ulimi wao ni mzima kabisa. Hutambua kwamba mchuzi una chumvi na chai ina sukari, ila hawapati raha yoyote. Hapo kilichofifia ni uwezo wa ubongo wa kufurahia, dalili kuu mojawapo ya sonona. Swali moja husaidia kutenganisha hali hizi: je, huisikii ladha, au unaisikia lakini haikufurahishi? Jibu lolote kati ya hayo, likiambatana na huzuni au kukosa raha kwa wiki mbili au zaidi, lastahili uchunguzi wa afya ya akili. Kisukari, upungufu wa madini ya zinki, UVIKO-19 na dawa kama metronidazo navyo huharibu ladha, visisahauliwe.

Nyumbani, lawama huwa ya kwanza kumwangukia mpishi. Kisha chumvi huongezwa mezani, na sukari kwenye chai. Kwa mwenye shinikizo la damu au kisukari, hapo hatari mpya imeshaingia. Ndimu, tangawizi na iliki huamsha ulimi bila gharama hiyo.

Tiba nayo ina mtego wake. Amitriptilini, dawa ya miaka mingi katika hospitali zetu, hukausha kinywa, na mgonjwa asiyeelezwa mapema hudhani ugonjwa umezidi akaitupa. Wakati huo dawa huwa bado haijaanza kumtuliza moyo, kwa kuwa hilo huchukua wiki kadhaa. Asiiache ghafla. Anywe maji kidogo kidogo, kisha arudi kwa daktari, kwani dozi yaweza kurekebishwa au kutumika dawa isiyokausha mate kiasi hicho, kama fluoksetini.