Mbuzi wakitupa mimba, hospitali nayo iambiwe

HOMA ya Bonde la Ufa iliyozuka Kenya mwishoni mwa mwaka 2006 iliwatia hasara wafugaji, wachinjaji na wauza nyama kwa mpigo. Huko Garissa mnada wa mifugo ulifungwa na uchinjaji ukapigwa marufuku. Kufikia Machi 2007, wagonjwa 684 walikuwa wameripotiwa nchini humo, na 155 kati yao walifariki. Tanzania nayo ilipoteza watu 109 kufikia Mei.

Kinachouma ni kwamba tahadhari ilikuwepo. Mayai ya mbu wanaobeba virusi hivyo hukaa ardhini miaka mingi yakingoja mafuriko, na Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) lilionya juu ya mvua hizo Novemba 2006. Chanjo ya mifugo ilianza Januari, watu wakiwa wameshakufa. Kuchanja wakati huo kuna hatari yake: sindano moja ikipita kwa wanyama wengi, huweza kuhamisha virusi.

Anayeona kwanza ni mfugaji. Kondoo na mbuzi hutupa mimba kwa wingi, wachanga hufa. Habari ikiishia kwa afisa wa mifugo, hospitali itaendelea kutibu malaria. Kwa sababu hiyo Kenya baadaye iliunda kitengo kimoja cha madaktari wa watu na wa mifugo.

Kwa sasa, mimba iliyotupwa isishikwe kwa mikono mitupu, na maziwa yachemshwe. Mnyama aliyejifia asichunwe, hata kama ngozi ina bei.